Elektrodi inapitia majaribu au majaribio?

Msomaji mmoja anaandika ripoti ya maabara kuhusu kapasita za kuhifadhi nishati, kaniletea sentensi hii: "Tulijaribu kupima elektrodi za kaboni na majaribu yalichukua wiki mbili." (Elektrodi ni kile kipande ambacho umeme unaingilia au kutokea.) Anauliza lipi sahihi, kupima au kujaribu.

Haya, tuanze na hayo majaribu maana hapo nimecheka kidogo. Majaribu ni yale ya Ayubu, mtu anaombewa ayashinde. Ya maabara ni majaribio. Najua elektrodi inachajiwa na kutolewa chaji mara elfu kumi mfululizo, imeteseka kweli masikini, ila bado ni majaribio.

Halafu "tulijaribu kupima", mi nikisoma hivo naelewa mlishindwa au kifaa kiligoma, kwa sababu kujaribu likifuatwa na kitendo kingine halisemi kama mlifanikiwa. Kama namba mlizipata semeni tu "tulipima". Na mkishasema mlipima, mtaje mlipima nini, uzito? ukinzani? uwezo wa kubeba chaji? Kama ni vyote kwa pamoja basi "tulizifanyia majaribio" inatosha.

Kuna kingine hukuuliza ila nimekiona huko chini kwenye ripoti yako, umeandika "elektrodi ya kupima" mara nne na kila mara sijui ni ipi, maana kwenye seli yenu, yaani kile chombo mnachofanyia majaribio, kuna elektrodi tatu. Ile ya kaboni mnayoichunguza ni elektrodi ya kupimwa. Ile ambayo volteji yake haiyumbi, mnayoitumia kama kipimo cha kulinganishia, hiyo ndo ya kupimia. Ya tatu kazi yake ni kukamilisha njia ya umeme tu. Unaona kiambishi kidogo kinavyookoa aya nzima?

Na neno uwezo, yaani ule wa kubeba chaji, liangalie sana. Uwezo wa elektrodi sio uwezo wa kapasita. Ukipima elektrodi moja ukapata faradi 200 kwa gramu (faradi ndo kizio cha uwezo huo), halafu ukaunda kapasita ya elektrodi mbili kama hiyo, ukigawa kwa uzito wa zote mbili unapata 50, yaani robo, kwa sababu zimeungwa mfululizo kwa hiyo uwezo unakuwa nusu na huku uzito umekuwa mara mbili. Sasa wewe umeandika "uwezo ni 200" ukaishia hapo, uwezo wa nani?