Jiko la koili: ukinzani na wati zake
Dada, umesema jiko lako la koili hapo Mbagala linavuta ampea 6.5 kwenye volti 230, unataka ukinzani (kiasi koili inavyozuia umeme kupita) na nguvu yake. Ukinzani ni volti kugawa kwa ampea: 230 ÷ 6.5 = omu 35.4 hivi. Nguvu ni volti mara ampea: 230 × 6.5 = wati 1,495. Kwa hiyo ukiliwasha saa nzima mfululizo, LUKU inakatwa karibu uniti moja na nusu, maana uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Sasa lile ulilolalamikia la jioni, jiko "kuchoka" na maharage kutoiva, huenda halitokani na koili. Umeme ukishuka hadi volti 200, koili inabaki na omu zilezile, kwa hiyo mkondo (zile ampea) nao unapungua. Hapo tumia volti mara volti, gawa kwa ukinzani: 200 × 200 ÷ 35.4 = wati 1,130 tu. Umepoteza robo ya moto! Usikimbilie kununua koili mpya. Pima volti kwanza jiko likiwa linawaka, na tafadhali usilichomeke kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, waya huo utapata moto.