Juni mwanzoni na watoto: Serengeti au Tarangire?

Mkuu, kwa siku nne na watoto mnatokea Arusha, mi ningeenda Tarangire halafu nimalizie Ngorongoro. Tarangire ni kama masaa mawili tu, Serengeti mtashinda njiani, na nyumbu mwezi wa sita wengi wanakuwa upande wa magharibi huko Grumeti, ule msafara wa kuvuka mto Mara ni Julai Agosti huko kaskazini. Ila Tarangire nyasi zitakuwa bado ndefu, simba mtamtafuta kweli. Nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani, ndorobo wa Tarangire hawana adabu. Halafu masweta jamani, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, asubuhi mtatetemeka. Na usisahau kitambulisho cha NIDA, ulipe kiingilio cha Mtanzania.