Kinoo cha Babu Kinyozi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Marehemu babu yangu, aliyekuwa kinyozi hapa Ngamiani, Tanga, alituachia wembe wa kukunja na kinoo chenye tabaka mbili, krimu juu na zambarau chini, kilichoganda mafuta meusi. Ni jiwe gani?

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo yako, huenda ni kotikuli, jiwe la asili linalochimbwa karibu na Vielsalm, katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, ambalo tabaka lake la krimu lina chembe ndogo sana za madini ya ganeti, nazo ndizo zinazonoa.

Kwanza kisugue kwa brashi, sabuni na maji ya uvuguvugu, bila asidi. Kisha tazama ubavuni: mpaka wa asili kwa kawaida haunyooki kabisa, ilhali mstari ulionyooka waonyesha kuwa vipande viliunganishwa kwa gundi, jambo la kawaida ambalo halipunguzi ubora wa upande wa krimu. Lowesha upande huo, usugue kwa kijiwe laini cha aina hiyohiyo. Ukitoa ute mweupe kama tui, ambao hugeuka kijivu wembe unapopita, dalili ni nzuri. Baadhi ya vinoo vya kiwandani vya vinyozi navyo vina rangi mbili, lakini chembe za kila upande zinalingana, na vingi vina maandishi yaliyochapwa.

Nakusihi sana usinolee panga wala kisu cha jikoni juu yake, kwani kinoo kikibonyea katikati, wembe hautalala sawasawa, mgongo na makali pamoja.