Klorini ya asubuhi kusoma sifuri mchana

Mkuu, unauliza kwa nini klorini unayotia asubuhi kwenye bwawa la kuogelea inasoma sifuri mchana: jua ndilo linaloila, si kwamba umeuziwa feki. Klorini ya unga ya asilimia 65 au 70 haina kinga yoyote dhidi ya jua, kwa hiyo ukiitia asubuhi kwenye bwawa lisilo na kivuli, ukipima mchana hukuti kitu. Tia jioni jua likishazama, pampu ikizunguka. Kisha ongeza asidi ya sayanuriki (madukani ulizia stabilaiza, ndiyo inayoikinga klorini dhidi ya jua) ifike 30 hadi 50 ppm (yaani miligramu kwa kila lita ya maji). Baada ya hapo klorini isishuke chini ya 2 ppm, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Nimehudumia mabwawa ya majumbani Nyali, Mombasa, miaka kadhaa, na tatizo huwa hilo hilo.

Ila kama unatumia vile vidonge vikubwa vya trikloro (aina nyingine ya klorini), usiongeze stabilaiza kiholela, tayari imo ndani yake. Ikizidi, klorini inakuwepo lakini inaua vijidudu polepole mno, na hapo utalazimika kumwaga sehemu ya maji. Na unga na vidonge usivichanganye ndoo moja kabisa, vinaweza kuwaka moto.