Kutoka uripota hadi safu ya jarida: niliyoyaona mimi

Ndugu yangu, umeuliza kama uache uripota wa gazeti la kila siku uchukue safu kwenye jarida la kila wiki, na kama waandishi wa safu wana ushawishi kweli au ni picha tu juu ya ukurasa. Mimi nilihama hivyo hivyo. Nakwambia nenda, ila uripota wako nenda nao.

Habari ya gazeti kesho yake imeshapitwa. Safu msomaji anaikuta pale pale kila toleo, na taratibu anaanza kukutafuta kwa jina. Miezi ya mwanzo ni kimya kitupu, usivunjike moyo. Kilichonishangaza baadaye ni simu. Zamani nilikuwa nikiwakimbiza wasemaji wa ofisi nipate sentensi moja, nilipopata safu wakawa wananitafuta wao, tena kabla sijaandika: "Tumesikia wiki hii unatugusa." Ushawishi wenyewe ndio huo. Ni wachache wanaobadili msimamo kwa makala moja, lakini wenye maamuzi wanasoma, wahariri wengine wanasoma, na hoja yako utaisikia redioni bila jina lako.

Hatari iko kwenye simu hizo hizo. Anayekupigia ana lake. Ukikaa mezani kuzisubiri, utaishia kuandika mawazo ya waliokupigia. Mhariri wangu wa jarida alikuwa anapiga mstari chini ya kila "inasemekana" na kuandika pembeni: "Na nani?" Namshukuru mpaka leo. Niliendelea kukaa mahakamani na kusoma ripoti za wakaguzi mpaka viambatisho vya mwisho, na safu zilizotikisa zilitoka huko.

Kuhusu hofu yako ya kupotea ukihama, mwangalie Walter Lippmann, mwandishi wa safu wa Marekani. Gazeti la New York World alikokuwa akisimamia ukurasa wa maoni lilipofungwa mwaka 1931, alikwenda New York Herald Tribune, gazeti la mrengo wa Republican lililokuwa likipingana na lile alilotoka. Safu aliyoianzia huko iliandikwa kwa zaidi ya miaka 30. Karibuni zaidi, mwaka 2010, mwandishi wa safu Fareed Zakaria alitoka Newsweek akaenda Time, majarida ya habari ya Marekani, mahasimu kabisa. Wote wawili walihama na majina yao.

Kwa hiyo mshahara kupungua kidogo kusikutishe kuliko mkataba. Uliza jina la safu ni la nani ukiondoka, na kama unaruhusiwa kuzichapisha makala zako upya. Uliza nani analipa wakili ukishtakiwa kwa kashfa, maana mwenye safu hushtakiwa kwa jina lake. Halafu dai fungu la safari na siku za kwenda kutafuta habari, iandikwe kabisa kwenye mkataba. Wakikataa hilo la mwisho, mimi nisingesaini.