Boksi la usukani: limelegea, limelika au limechakaa?

SWALI: Ninaandika mwongozo mfupi wa kutoa boksi la usukani (kisanduku chenye gia zinazopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu) kwenye pikapu ya zamani na kuweka jingine. Nilianza hivi: "Boksi ya usukani ikilegea, ibadilishe." Mwenzangu aliyeisoma sentensi hiyo amekataa "ibadilishe", akidai kwamba sahihi ni "ibadili" kwa sababu "-sha" ni ya kumfanyisha mtu mwingine kazi. Amekataa pia "boksi ya". Je, amesema kweli?

JIBU: Amesema kweli katika moja kati ya hayo mawili, lakini neno linalonitia wasiwasi zaidi katika sentensi yako hakuligusa kabisa, nalo ni "ikilegea".

Tuanze na "ibadilishe". Ni kweli kwamba kiambishi cha kusababisha kwa kawaida huongeza mtendaji: mtoto hula, mama humlisha. Hata hivyo, "kubadilisha" hakukufuata mkondo huo. Anayesema "nimebadilisha tairi" hamaanishi kwamba amemwamuru mtu mwingine alibadili, bali ametoa moja na kuweka jingine. Tena, tukiwasikiliza wasemaji, tunaona kwamba "kubadili" huelekea zaidi kwenye kugeuza hali ya kitu, kama vile kubadili nia, msimamo au jina, ilhali "kubadilisha" huelekea kwenye kutoa hiki na kuweka kile. Huo ni mwelekeo tu, si sheria, maana tunasema pia "kubadili nguo" na hakuna anayeshangaa. Kwa kipuri, "libadilishe" linafaa kabisa.

Kuhusu "boksi ya", namuunga mkono mwenzako. Boksi lina wingi wa maboksi, kwa hiyo katika maandishi ya makini ni "boksi la usukani", "lililochakaa", "jipya". Gereji utasikia "boksi ya", pengine kwa kuvutwa na "gia ya", na fundi ataeleweka bila shida. Ila mwandishi asianze na "boksi la" kisha akaendelea na "imechakaa".

Sasa nirudi kwenye "ikilegea". Kulegea ni hali ya kitu kilichokuwa kimekazwa: bolti hulegea, kamba hulegea, na dawa yake ni kukaza. Kulika ni kupungua kwa kusuguana, kama meno ya gia yanavyolika, na kilicholika hakirudishwi na spana. Kuchakaa husemwa juu ya kitu kizima kilichotumika mpaka kikachoka. Dereva naye, ambaye haoni kilicho ndani, husema tu kwamba usukani "unacheza", yaani anauzungusha kidogo na magurudumu hayafuati.

Tofauti hizo huonekana kwa macho chini ya boneti. Mtu mmoja akae kwenye kiti na kuzungusha usukani kidogo kushoto na kulia, na mwingine alitazame boksi pale lilipofungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Boksi lote likitikisika, bolti zake zimelegea, na huenda kuzikaza kukatosha. Boksi likitulia, lakini shafti inayoingia juu ikazunguka huku mkono unaotoka chini ukichelewa kuifuata, basi mchezo umo ndani: gololi na meno vimelika. Usukani unacheza katika hali zote mbili, lakini kazi zake ni tofauti kabisa.

Hapo hujitokeza kitenzi kingine, "kurekebisha", ambacho baadhi ya waandishi hukichanganya na "kutengeneza". Maboksi mengi ya aina hii yana skurubu ya kusogeza meno yakaribiane, na kuigeuza hiyo ndiko kurekebisha. Kwa kuwa gari huenda moja kwa moja muda mwingi, meno hulika zaidi katikati kuliko pembeni. Ukiikaza skurubu mpaka mchezo wa katikati uishe, usukani huwa mzito unapokata kona na haurudi wenyewe baada ya kona. Msomaji wako akikuta "ikilegea", atashika spana na kukaza, maana ndivyo kitenzi hicho kinavyomwelekeza, na atabaki na gari la hatari barabarani huku akiamini kwamba amefuata mwongozo. Ndiyo maana nimekaa juu ya neno hili kuliko juu ya "-sha".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Usukani ukicheza ilhali bolti za boksi zimekazwa vizuri, na mchezo usipoisha kwa kurekebisha skurubu au usukani ukawa mzito kwenye kona, basi meno ya ndani yamelika: litoe boksi lililochakaa na uweke jingine."