Kabla Hujapanda Ndege: Karatasi za Mchezaji Anayekwenda Kucheza Nje

Mchezaji akipata mwaliko wa majaribio Ulaya, nyumbani wanauliza anaondoka lini. Wanapaswa kuuliza kwanza nani analipa nauli, malazi na bima ya matibabu. Barua ya mwaliko ya kweli inataja tarehe ya kuanza na kumaliza, na imetiwa saini na mtu wa klabu anayejulikana. Ipigie klabu simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, siyo ile iliyo kwenye barua, maana tapeli huweka namba ya mwenzake. Wakala anayedai "hela ya viza" mkwepe. Wakala wa kweli hula asilimia ukishasaini, jina lake lipo kwenye orodha ya FIFA ya mawakala wenye leseni, na mkataba wa kukuwakilisha hauzidi miaka 2.

Chini ya miaka 18, uhamisho wa kimataifa hauruhusiwi ila kwa masharti machache, kwa mfano wazazi wawe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Anayesema amempatia timu Ubelgiji kijana wa Temeke mwenye miaka 16 anawauzia upepo. Na wale wa kupunguza umri wajue hivi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti na leseni ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, vikipishana hata mwaka mmoja, usajili unakwama, na dirisha la usajili halitakusubiri.

Njia za kufika Ulaya si moja. Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011, akakaa TP Mazembe ya Kongo hadi Januari 2016 ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, tayari akiwa na Kombe la Klabu Bingwa Afrika la 2015. Michael Olunga alitoka Gor Mahia ya Kenya kwenda Djurgården ya Sweden mwaka 2016. Ligi za Sweden na Norway huanza karibu na Aprili, hivyo Januari na Februari klabu zao zinajiandaa na msimu wakati wewe uko katikati ya ligi, miguu ikiwa ya moto. Ubelgiji na Uholanzi ni kugumu zaidi: sheria zao zimeweka kima cha chini kikubwa cha mshahara kwa mchezaji asiye wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo klabu haitakuchukua kwa kubahatisha.

Ukifika kwenye mkataba, tafuta mwanasheria, hata kama ni wa kulipa. Mshahara ulioandikwa ni kabla ya kodi au baada? Tofauti yake inaweza kula karibu nusu. Nyumba na tiketi za likizo ziandikwe, kwa sababu ahadi ya mdomo ya meneja huondoka naye akifukuzwa. Kisha kuna kipengele kinachowaponza wengi, kile cha "mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya". Kanuni za FIFA zinakikataa, na kibali cha kazi nacho hakiwezi kuwa sharti. Vipimo vifanyike kwanza, saini baadaye.

Mshahara ukikatika, usifungashe mizigo. Anayeondoka kimyakimya ndiye anayeonekana amevunja mkataba, na klabu inamdai fidia. Subiri deni lifike mishahara ya miezi 2, iandikie klabu ukiipa angalau siku 15 ilipe, tunza ushahidi kwamba barua imefika. Siku hizo zikipita bila malipo, una haki ya kuvunja mkataba na kupeleka dai lako FIFA. Dai lifunguliwe ndani ya miaka 2.

Timu zilizomlea mchezaji nazo zina fungu lao. Mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha tangu miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, na 0.5 kwa kila msimu baada ya hapo. Klabu iliyokaa naye misimu mitatu, miaka 16 hadi 18, inapata euro 15,000 kwenye ada ya milioni 1. Timu ya mtaani ambayo haikuwahi kumsajili rasmi kwenye shirikisho haitapata hata senti, ingawa mtaa mzima unakumbuka kiatu chake cha kwanza alipewa na nani.